Boti Kwenye Stoo ya Mahindi

Watu wa Endebess wana kazi nyingi, lakini siku Mzee Gathogo alipoletewa boti kila mtu alipata nafasi. Ilikuja juu ya pikapu kutoka Bumula, imefungwa kamba mbele na nyuma kama fahali anayepelekwa mnadani, rangi yake ya kijani imebanduka ubavuni. Wenye vibanda walitoka nje. Boti, hapa? Hapa kuna mahindi na ng'ombe wa maziwa, na mlima unaotuletea mvua hata tusipoiomba. Mambo ya ziwa tunayasikia redioni. Na mwenyewe ndiye Gathogo, Mkikuyu ambaye hali samaki!

Si kwamba samaki walimdhuru. Baba yake hakula samaki, babu yake hakula, naye hakuona haja ya kuanza. Mkewe Wilkista, Mbukusu, binti wa Bumula, ndiye aliyekula kwa niaba ya nyumba nzima. Aliwanunua sokoni Kitale, akarudi akinung'unika kwamba samaki wa Kitale wamesafiri mpaka wamesahau maji, kisha akamla mmoja hadi kichwa na kunyonya mifupa, huku mumewe akimtazama kutoka upande wa pili wa meza, na githeri yake ya mahindi na maharagwe mbele yake.

Chini ya shamba lao kuna bwawa. Lilichimbwa na mzungu wa zamani, mzungu akaenda zake, bwawa likabaki na samaki wa ngege wakazaana humo bila kumwomba mtu ruhusa. Wale wadogo hucheza ukingoni. Wakubwa hukaa katikati, ambako hakuna mtu wa Endebess aliyewahi kufika, kwa kuwa sisi na kuogelea hatujuani. Miaka yote ya ndoa yao Wilkista alililia lile bwawa. Alitaka boti. Hakutaka hata kubwa. Ya mbao tu, ya watu wawili, hata kama imetumika. Kaka yake Absalom alikuwa nayo moja ya namna hiyo, aliyoinunua kwa wavuvi wa ziwani na kuitumia kwenye bwawa la jirani yake mpaka magoti yakamkataza. Mwishowe Gathogo alikubali kuinunua. Ilichukua muda, lakini Wilkista alijua kumsubiri.

Kisha Wilkista akaugua. Hospitalini alikuwa akiiongelea boti kuliko ugonjwa. "Ikifika utanipeleka mpaka katikati," alimwambia. "Mimi nakaa mbele, wewe unapiga kasia. Usinipeleke nusu nusu." Gathogo akasema atampeleka. Wilkista alikufa tukiwa tunavuna mahindi, na boti ikaja baada ya mazishi kwa sababu Absalom ni mtu wa neno lake.

Sasa tuseme ukweli, maana ulisemwa na watu wote kwa pembeni: Gathogo hakulia. Hakulia hospitalini, hakulia kaburini, na hakulia wageni walipoondoka na viti vya kukodi vikarudishwa. Watu wa Bumula walikuja wakilia tangu walipoona lango, kama inavyofaa. Walimkuta amesimama na kofia mkononi, anaelekeza magari mahali pa kuegesha. Phelista, mke wa Absalom, alishindwa kuvumilia. Alisema mbele ya watu, "Huyu anatazama jeneza ya wifi yangu kama anatazama gunia." Gathogo alisikia. Alitaka neno lile limchome, akangoja limchome, likapita kama upepo.

Wewe umewahi kuukalia mguu wako muda mrefu? Ukisimama, mguu unauona, unajua ni wako, lakini ukiukanyagia ni kama wa mtu mwingine. Gathogo alikuwa hivyo mwili mzima. Alikamua ng'ombe. Alikwenda kanisani. Alikula alichopakuliwa, na kama chumvi ilisahauliwa hakujua. Usiku alilala upande wake wa kitanda, na asubuhi aliamka upande huo huo. Kilichomtisha, kama kulikuwa na kilichomtisha, ni kwamba huenda Phelista alisema kweli. Huenda aliishi na mwanamke miaka yote hiyo bila kumpenda, na sasa ndio siri inatoka.

Kwa hiyo boti ilipoteremshwa uani, hakutarajia lolote. Aliizunguka mara moja. Ilikuwa na mabao mawili ya kukalia, makasia mawili yasiyofanana, na ubavuni mtu alikuwa ameandika kwa rangi nyeupe MAMA SELLAH. Akaingia ndani, hapo hapo uani, kuku wakimtazama. Akakaa kwenye ubao wa nyuma. Na akasikia kitu kidogo. Haikuwa furaha, tusimsingizie. Ilikuwa ile hali ya mtu aliyeweka mkono mfukoni na kukuta ufunguo uko. Hii ni yangu, alijiambia. Niliahidi, na imekuja.

Dada yake Gladwell alifika jioni hiyo na kusoma lile jina kwa sauti.

"Haiya! Na huyu Mama Sellah ni nani? Wilkista hajamaliza hata mwaka, wewe unaletewa mwanamke mwingine na pikapu?"

"Ni jina tu. Ilikuja nalo."

"Si ulifute!"

"Nitafuta."

Hakulifuta. Kanisani akina mama walimuuliza hali ya Mama Sellah wakacheka, naye akajibu kwamba hajambo. Hakuona ubaya. Mtu hawezi kununua kitu kilichotumika halafu akataka kije bila historia.

Ulikuwa msimu wa kiangazi na maji ya bwawa yalikuwa yameshuka, ukingo wote matope. Gathogo aliamua boti isubiri mvua. Akaiingiza kwenye stoo ya mahindi, mahali salama kuliko pote katika boma lake, kuliko hata chumba chake cha kulala. Hapo ndipo alipoanza kuitunza.

Ni lazima ujue jinsi mkulima wa mahindi wa Trans-Nzoia anavyofikiri. Adui yake hana meno wala kucha. Adui yake ni unyevu. Mahindi yakilala na maji kidogo tu yanashika kuvu, mnunuzi anayachomeka kile kijichuma chake cha kupimia, anatikisa kichwa, na jasho la mwaka mzima linakuwa chakula cha nguruwe. Mtoto wa huku hujua kung'ata punje na kusikiliza inavyolia kabla hajajua kusoma. Kikiwa kikavu kimepona. Kikiwa kibichi kimekufa. Hiyo ndiyo dini yetu ya pili.

Basi Gathogo akaiokoa boti. Aliiinua juu ya mawe isiguse sakafu. Akaipangusa ndani kwa gunia. Jua lilipowaka aliitoa nje juu ya turubai, akaigeuza mchana upande wa pili, na wingu likitokea juu ya mlima alimwita mwanawe Kiarie waikimbize ndani. Jioni aligonga mbao kwa kidole akasikiliza. Mwanzoni zililia kwa sauti nzito, ya kitu kilichoshiba. Wiki zilivyokwenda sauti ilipanda, ikawa nyembamba na kali, naye akaridhika. Kila alasiri baada ya kukamua aliingia na kikombe chake cha chai akakaa kwenye ubao wa nyuma, mle stooni, kati ya magunia. Alitazama ubao wa mbele. Hakuwaza chochote. Ilikuwa ndiyo saa pekee ya siku aliyoingojea.

Mvua za kwanza zilipojaza bwawa, waliiteremsha kwa mkokoteni wa punda. Kiarie alikuwepo, na jirani yao Kiplagat ambaye hunywesha ng'ombe wake pale, na nusu ya Endebess iliyojifanya inapita. Waliisukuma majini. Kiarie akaenda kukaa mbele.

"Hapo pana mtu," Gathogo alisema.

Kiarie akamtazama baba yake, akashuka.

Gathogo aliingia peke yake. Hakuwa amepiga kasia hata mara moja alipohisi viatu vyake vimelowa. Maji hayakuingia kwa tundu moja ambalo mtu angeziba kwa kitambaa. Yaliingia kati ya kila ubao na mwenzake, taratibu, kama watu wanaoingia kanisani. Boti ikajaa, ikakaa chini kwa heshima, na mzee wa watu akabaki amesimama maji kifuani na kasia mkononi. Watu walijaribu kujizuia. Hawakuweza.

Gathogo akaitafuta hasira ndani yake. Hakuikuta. Akatafuta aibu, hiyo nayo haikuwepo. Alichokipata ni baridi tu. Alisimama pale akifikiri kwamba alimwahidi mkewe kitu kimoja tu mwishoni, na hata hicho hataweza, na kwamba mtu mwingine yeyote angelia hapo hapo.

"Buda, hii wamekuuzia kuni," Kiarie alisema walipokuwa wakiivuta nje. "Mjomba alikucheza. Tuikate katikati, tupate hori mbili za ng'ombe."

"Hakuna mtu atakata."

"Lakini, Baba, si unaona vile mbao zimeachana? Unaweza kupitisha kisu hapa!"

Gathogo aliona. Akairudisha stooni, na usiku huo akawasha jiko la makaa kando yake ili ikauke sawasawa kabla hajatafuta fundi wa kuiziba. Usicheke. Alikuwa anafanya alichojua.

Fundi alikuja, akatia kidole kwenye nyufa, akasema hajui mambo ya ziwa. Kiarie akaanza kupima urefu wa hori kwa macho. Ndipo Gathogo alipovaa koti lake la kanisani akaenda Bumula. Alikuwa hajakanyaga huko tangu mazishi. Njiani alijaribu kupanga maneno makali ya kumwambia Absalom, maana ndivyo mtu aliyeuziwa kitu kibovu anavyofanya, lakini maneno yalikuja moja moja, hayana nguvu.

Absalom alimpokea kwa mikono miwili. Alistaafu kazi ya ukarani zamani, na sasa kazi yake ni kukaa kivulini na kujua habari za kila mtu. Phelista alisalimu kwa ncha za vidole, akaenda jikoni, na baada ya muda kuku akalia. Hilo halina mjadala. Shemeji haondoki boma la Wabukusu bila kuku, hata kama mmekosana. Lakini sahani ilipofika mbele ya Gathogo, ilikuwa na paja, ilikuwa na kidari, na haikuwa na firigisi.

Alikuwa ameoa huku tangu ujana wake. Alijua firigisi ni ya mgeni wa heshima na alijua maana yake ikikosekana. Absalom pia aliona, akatazama chini. Gathogo akala alichopewa.

"Shemeji," alisema alipomaliza, "ile boti ni mbovu. Imezama siku ya kwanza."

"Mbovu?" Absalom alinyanyuka kitini. "Hiyo boti? Haki ya Mungu, ilikuwa haiingizi hata tone. Uliigonga mahali?"

"Sijaigonga. Nimeitunza kuliko ng'ombe. Haikunyeshewa hata siku moja."

"Kwani uliweka wapi?"

"Kwa stoo. Nikaianika kwa jua kila siku. Ilipozama nikaiwashia jiko."

Absalom akafungua mdomo. "Jiko? Jiko ya makaa?"

"Ikauke vizuri."

"Kweri?" Hapo ulimi wa nyumbani ukamponyoka, kisha kicheko kikamponyoka pia. Alicheka akiishika meza. Alicheka mpaka Phelista akatoka jikoni kuona nani amekufa. "Mama Sifuna, njoo usikie! Ameanika boti! Shemeji, mbao ya boti inakunywa maji, bana. Ikikunywa inanenepa, inashikana. Ukikausha inakonda inaachana. Boti haitorewi kwa maji miezi na miezi hivyo!"

Halafu kicheko kikakatika ghafla. Absalom akaweka mkono kinywani.

"Kwani sikukwambia?"

"Kuniambia nini?"

"Wilkista alinipigia simu akiwa hosipitali. Alisema, 'Absalom, siku utapeleka hiyo boti, wewe mwenyewe umwambie mzee wangu asitoe kwa maji. Ukimwachia ataianika kama mahindi. Atalala nayo kwa stoo.' Alikuwa anacheka, shemeji, mpaka nikasikia nesi anamnyamazisha. Mimi nikasema nitakwambia. Halafu kifo ikaingia hapo katikati, nikasahau."

Mbuzi alilia nyuma ya nyumba.

"Alisema stoo?" Gathogo aliuliza.

"Alisema stoo."

"Na mahindi?"

"Kama mahindi. Hivyo tu."

Gathogo akatikisa kichwa polepole. Akanywa chai yake. Kitu kilimsogea kifuani, kidogo tu, kama mguu uliokufa ganzi unapoanza kuchomachoma, na hakikuwa kitu kizuri. Alitamani kisimame.

Phelista alikuwa bado amesimama mlangoni na mwiko mkononi. Alikuwa akimtazama huyu mwanamume mwenye koti la kanisani, aliyekesha na jiko la makaa akiikausha boti ya wifi yake. Akarudi jikoni. Alipotoka alikuwa na kibakuli, na ndani yake firigisi aliyokuwa amemfichia mwanawe Sifuna.

"Shemeji," alisema, "hii ilibaki kwa sufuria."

"Asante, Mama Sifuna."

Akaila yote. Ilikuwa na chumvi nyingi mno. Alikuwa tayari nje ya lango alipogundua kwamba ameionja.

Nyumbani alimwita Kiarie, wakaiteremsha tena boti kwenye bwawa. Safari hii Gathogo hakuingia. Aliisukuma mpaka mahali pa maji ya magotini, akaanza kuijaza mawe. Jiwe moja baada ya jingine, mpaka Mama Sellah akazama na jina lake lote, na pakabaki ncha ya mbele tu.

Kiplagat aliacha ng'ombe wake akaja mbio. "Mzee Gathogo! Sasa umeamua kuiua?"

"Inakunywa," Gathogo alisema.

Habari ilifika sokoni kabla yake. Ati mzee wa watu amechanganyikiwa na upweke. Kitu alichokuwa anakipenda kuliko watoto wake amekizika majini. Gladwell alikuja na mchungaji. Gathogo aliwapa chai. Kila asubuhi aliteremka, akaingiza mkono majini akapitisha kidole gumba kwenye mistari ya mbao. Mwanzoni kidole kiliingia. Kisha ukucha tu ndio ulioingia. Watu walikuwa wanapalilia mahindi siku aliyopitisha ukucha na haukupata pa kuingia, naye akaenda kumwamsha Kiarie.

Walitoa mawe. Wakachota maji kwa beseni mpaka mgongo wa Kiarie ukalalamika. Boti iliinuka kidogo kidogo, ikajitikisa, ikakaa juu ya maji. Kiarie akaishika ubavu baba yake aingie. Hakujaribu kwenda mbele. Gathogo akaketi kwenye ubao wa nyuma, akachukua yale makasia yasiyofanana.

Hakujua kupiga kasia. Alizunguka pale pale mara kadhaa kama ng'ombe wa kukanyagia matope, akaelekea majani, akarudi. Kiplagat alipiga kelele za maelekezo, naye ni mtu ambaye hajawahi kupanda hata beseni. Lakini baada ya muda Mama Sellah akanyoosha shingo. Ukingo ukawa mbali. Sauti za watu zikawa ndogo. Gathogo akapiga kasia mpaka alipoona pande zote za bwawa zinalingana, mbele na nyuma, kulia na kushoto, akajua hapa si nusu nusu. Akaacha makasia.

Akainama, akapapasa sakafu ya boti kwa kiganja. Alipapasa mbele ya miguu yake, chini ya ubao, pembeni. Hakukuwa na tone.

Ni yangu, alijiambia. Ni ya mbao, imetumika, jina lake si langu, na haivuji. Ile raha ndogo ya ufunguo mfukoni ikamrudia, sasa imekua, imejaa kifua, na akafanya alilolifanya maisha yake yote kila kitu chake kilipokwenda vizuri, ng'ombe akizaa salama, mvua ikija kwa wakati. Aliinua uso kumwambia mkewe, "Umeona?"

Alilisema lote. Ubao wa mbele ulikuwa mtupu.

Hapo ndipo ilipokuja. Haikuja kwa adabu. Ilimkunja katikati, kichwa kikagonga magoti, na sauti iliyomtoka hakuijua kuwa ni yake. Ng'ombe wa Kiplagat waliacha kunywa wakainua vichwa. Alilia kama wanavyolia watu wa Bumula wakiona lango. Alilia ya hospitalini, na ya kaburini, na ya viti vya kukodi. Alimwita jina lake. Alimwambia kwamba ndiyo, aliianika, kama mahindi, kama alivyosema, na boti ikatikisika chini yake bila kwenda popote.

Ukingoni Kiarie aliona mgongo wa baba yake umeinama na mabega yanakwenda juu na chini, kama mtu anayechota maji kwa haraka. Akaingia majini na viatu vyake.

"Baba!" alipaza sauti. "Baba, inavuja?"

Ilichukua muda kabla ya jibu kufika, na lilifika limevunjika vunjika, lakini watu wote walilisikia.

"Haivuji!" Gathogo alisema. "Haivuji!"